Namba Moja, Sauti Nne: Mjadala wa Chembe Sahani kwa Watoto Wenye Malaria

Chembe sahani, ambazo maabara na wodini huitwa plateleti, ni vipande vidogo vya seli vinavyoelea katika damu na kuziba tundu pale mshipa unapochanika. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, huishi siku saba hadi kumi hivi, kisha bandama na ini huziondoa. Mtoto mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Malaria ikimshika, idadi hiyo hushuka, na hushuka mara nyingi mno. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto waliolazwa kwa malaria wakiwa chini ya 150,000.

Kushuka huko hakuna anayekupinga. Ubishi huanza mtu anapouliza namba hiyo imtishe nani, na imfanyishe nini. Swali hilo lina uzito wake Nyarero, kata ya nyanda za juu za Tarime, kaskazini mwa Tanzania, ambako migomba na kahawa hustawi na hewa ni ya baridi kuliko kando ya Ziwa Viktoria. Zahanati za vijijini kwa kawaida zina kipimo cha haraka cha malaria, lakini hazina mashine ya kuhesabu damu. Mzazi anayetaka picha kamili ya damu, ile inayoandikwa FBP kwenye karatasi, huipata kituo kikubwa zaidi au hospitali. Akirudi ameshika karatasi yenye namba 42,000 na alama ya mshale unaoelekea chini, sauti nne huanza kusikika: ya mteknolojia wa maabara, ya tabibu, ya daktari wa watoto na ya mzazi mwenyewe.

Mteknolojia wa maabara huanza, kwa kuwa ndiye aliyeiona namba kwanza. Hoja yake ni kwamba namba ndogo ni kengele, na kengele haipuuzwi. Ana ushahidi. Mwaka uleule wa 2002, watafiti waliofanya kazi na watoto wenye malaria mjini Dakar, Senegal, waliandika kwamba upungufu wa chembe sahani ulihusiana na ugonjwa mkali na vifo. Kama namba hiyo inaweza kubashiri kifo, anauliza, kwa nini mtoto wa 42,000 abaki Tarime asipelekwe mbele haraka?

Tabibu anamjibu kwa ushahidi wa Kilifi. Huko, pamoja na wingi wa watoto waliokuwa na chembe sahani chache, upungufu huo haukuendana na kutokwa damu wala na vifo. Uliendana na umri wa mtoto, wingi wa vimelea na hali ya kulegea. Kwa hiyo, anasema tabibu, namba inaeleza kwamba malaria ipo na vimelea ni vingi, jambo ambalo kipimo na macho vimeshalisema. Anaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO), katika vigezo vyake vya malaria kali, halikuiweka namba ya chembe sahani peke yake. Liliweka kutokwa damu kwingi: puani, kwenye ufizi, mahali palipochomwa sindano, matapishi yenye damu au choo cheusi kama lami.

Tafiti mbili za mwaka mmoja, majibu mawili. Msomaji anaweza kudhani upande mmoja umekosea, lakini si lazima. Dakar ni jiji ambalo maambukizi ya malaria ni machache. Mtoto wa huko anaweza kufika umri wa kwenda shule bila kinga ya kutosha, na malaria ikimkuta humwangukia kwa nguvu. Kilifi ya miaka ile mtoto alikuwa ameshaumwa na mbu wengi tangu akiwa mchanga. Miili ya namna mbili ikikutana na ugonjwa mmoja, haishangazi kwamba namba ileile ilibeba uzito tofauti.

Hapo ndipo Nyarero inapopaswa kujitazama. Kijiografia iko upande wa Kilifi, Afrika Mashariki. Kikinga, mtoto wa nyanda za juu anaweza kufanana zaidi na yule wa Dakar. Kwenye miinuko malaria huja kwa mawimbi, mvua zikizidi au joto likipanda. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, wilaya za Gucha, Kisii, Kericho na Nandi zilipatwa na mlipuko mwaka 2002, na miinuko hiyo ni jirani ya Tarime. Watu pia huteremka kwenda mwambao wa Rorya, bonde la Mto Mara au upande wa Serengeti, na wakirudi hurudi na vimelea. Mtoto ambaye hajawahi kuumwa malaria hana akiba ya kinga, na kwake kengele ya mteknolojia inastahili kusikilizwa zaidi kuliko tabibu anavyotaka kukubali.

Kabla ya kuendelea, mteknolojia anadaiwa jambo moja: namba yenyewe ni ya kweli? Mashine nyingi za kuhesabu damu hutambua chembe kwa ukubwa wake. Kwenye malaria chembe sahani changa huwa kubwa kuliko kawaida, na zile kubwa sana mashine huweza kuzihesabu kama seli nyekundu au kuziacha. Tatizo kubwa zaidi ni la mkono wala si la mashine. Mtoto analia, anarusharusha mkono, damu inatoka tone kwa tone na kuanza kuganda kabla haijachanganyika na dawa ya kuzuia mgando iliyo kwenye chupa. Bonge dogo lisiloonekana kwa macho humeza maelfu ya chembe sahani, na karatasi husoma 42,000 wakati mtoto ana 120,000. Mara nyingine dawa hiyohiyo ya chupa huzifanya chembe sahani zishikamane. Mteknolojia mzuri hutikisa chupa taratibu, huangalia kama kuna bonge, kisha hutandaza tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Kioo hicho kinachotumika kutafuta vimelea ndicho kinachoonyesha kama chembe sahani ni chache kweli au zimejikusanya pembeni. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kuiruka ni kosa linaloweza kumgharimu mzazi safari nzima.

Tukubali kwamba namba ni ya kweli. Chembe sahani zimekwenda wapi? Daktari wa watoto ndiye anayeingia hapa, na jibu lake si moja.

Sehemu yake imo ndani ya bandama. Kwa kawaida bandama huhifadhi karibu theluthi moja ya chembe sahani zote za mwili. Malaria hulivimbisha, nalo likivimba hushika nyingi zaidi. Hizo hazijafa, zimezuiliwa tu, na ndiyo sababu namba hupanda haraka bandama linaposinyaa. Sehemu nyingine huharibiwa na kinga ya mwili yenyewe: kingamwili hujibandika juu ya chembe sahani, na seli walaji huzimeza kabla ya siku zake. Uboho haujalala wakati huo. Kwa wagonjwa wa malaria homoni inayouchochea kutengeneza chembe sahani hupatikana ikiwa juu, dalili kwamba kiwanda kinafanya kazi na upotevu uko mbele yake.

Sehemu ya tatu ndiyo ya kuogofya. Vimelea vya Plasmodium falciparum huzifanya seli nyekundu zilizoambukizwa zinate kwenye kuta za mishipa midogo. Ukuta ulioumizwa hutoa nyuzi za protini zinazonasa chembe sahani, nazo hugeuka gundi ya kunasia seli nyingine zenye vimelea. Mwaka 2001 watafiti waliochunguza vimelea vya wagonjwa wa Kilifi walionyesha kwamba chembe sahani huweza kuzifunga seli zilizoambukizwa mafungu mafungu, na kwamba tabia hiyo ilionekana zaidi katika malaria kali. Miaka miwili baadaye uchunguzi wa maiti za watoto waliofariki kwa malaria ya ubongo huko Blantyre, Malawi, ulikuta chembe sahani zimerundikana katika mishipa midogo ya ubongo. Zilikuwa hazimo kwenye damu iliyopimwa kwa kuwa zilikuwa kichwani, zimeziba njia.

Maelezo hayo yanabadilisha mjadala. Mteknolojia alikuwa anahofia damu kutoka. Daktari anaonya kwamba kwa mtoto wa malaria hofu kubwa zaidi ni damu kushindwa kupita. Kumwaga chembe sahani mpya ndani ya mishipa ambayo tayari inazinasa kunaweza kuwa kuongeza gundi mahali penye gundi. Ni tahadhari ya kinadharia, lakini inatosha kumzuia mtu asiharakishe kuongeza.

Ipo sauti ya kinyume, na haki inadai isikike. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha kazi ya watafiti wa Australia iliyoonyesha kwamba chembe sahani huua vimelea vya malaria ndani ya seli nyekundu, na kwamba panya walio na upungufu wa chembe sahani hufa zaidi kwa ugonjwa huo. Kwa mtazamo huu chembe sahani ni askari, na namba ndogo ni hesabu ya askari waliokufa vitani. Wapo waliolipokea wazo hilo kama sababu ya kuwaongezea watoto plateleti. Lakini mwaka 2012 kundi hilohilo la watafiti lilieleza jinsi mauaji hayo yanavyofanyika: protini moja ya chembe sahani huingia kwenye seli nyekundu kwa kutegemea alama iitwayo Duffy iliyo juu ya seli hiyo. Watu wengi wa Afrika Mashariki hawana alama ya Duffy kwenye seli zao nyekundu, na ndiyo sababu kubwa ya malaria ya vivax kuwa adimu kwao. Hoja iliyong'aa maabara inafika Nyarero imechoka. Hapa haiwezi kutumika kama msingi wa matibabu.

Mzazi amekaa akisikiliza muda wote huu. Swali lake ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: "Dokta, damu ya mwanangu imeisha?"

Tabibu anamjibu vizuri akianza kwa kutenganisha mambo mawili. "Hapana, mama. Damu kuisha ni pale wekundu unapopungua, mtoto akapauka viganja na kuhema kwa shida. Hiki ni kitu kingine, ni zile chembe za kugandisha." Mambo hayo mawili huchanganywa kila siku, na mchanganyo huo una madhara. Mtoto aliyepauka, mwenye himoglobini ya 4, anahitaji damu leo. Mtoto mwenye chembe sahani 42,000, himoglobini ya 9, anayenyonya na kumtazama mama yake, hahitaji kuongezewa chochote. Anahitaji dawa ya malaria.

Mzazi ana hoja nyingine alizozisikia kwa majirani. Ya kwanza ni maji ya majani ya mpapai, yanayosifiwa kupandisha plateleti. Kwa mtoto wa malaria sifa hiyo haina ushahidi wa kutegemewa, na ubaya wake mkubwa ni muda unaopotea jani linapotwangwa huku vimelea vikizaliana. Namba hupanda yenyewe siku chache baada ya dawa sahihi, na jani husifiwa kwa kazi ya sindano. Ya pili ni kumpa mtoto aspirini ashushe homa. Hiyo ni hatari, kwa kuwa aspirini huzizuia chembe sahani chache zilizobaki zisifanye kazi. Parasetamoli inatosha. Ya tatu huwa inasemwa kwa sauti ya chini: mtoto mwenye homa na kikohozi kisichokoma apelekwe kwa mzee akakatwe kimeo. Ukataji wa kimeo bado upo sehemu nyingi za Tanzania. Kisu kooni mwa mtoto ambaye chembe sahani zake zimeshuka kinaweza kuanzisha damu isiyozuilika, na damu ya kooni humezwa bila mtu kuiona. Katika mambo yote yanayojadiliwa hapa, hili ndilo ambalo namba ndogo inaweza kuligeuza kifo kwa saa chache. Chale nazo ni vivyo hivyo.

Mteknolojia anarudi na swali la sindano. Kama kisu ni hatari, mbona tabibu anamchoma mtoto artesuneti, dawa ya malaria kali, kwenye msuli? Tabibu anajibu kwa mizani. Jaribio kubwa la AQUAMAT, lililotangazwa mwaka 2010, lilihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, vituo vya Muheza na Korogwe nchini Tanzania vikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Hakuna jaribio lolote lililoonyesha kwamba kumwongezea mtoto wa malaria plateleti kwa sababu ya namba tu huokoa maisha kiasi hicho, wala kiasi kingine chochote. Artesuneti haiahirishwi kwa kuogopa tundu la sindano. Panapowezekana huingizwa mshipani. Ikichomwa msuli, mahali pale hubanwa kwa pamba dakika kadhaa. Zahanati isiyo na uwezo wa kulaza humpa mtoto dozi moja ya kuanzia, na kama hajafikisha miaka sita na sindano haipo, artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa hutumika, kisha rufaa huandikwa papo hapo.

Dozi ya mtoto chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo. Anachomwa mara tu anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Akiweza kumeza hupewa dawa ya mseto ya ALu kwa siku tatu kamili. Hilo la kukamilisha lisemwe mara mbili mbili kwa mzazi, maana mtoto anayecheza siku ya pili humfanya mtu aone vidonge vilivyobaki ni vya kuwekea akiba.

Basi nani apewe plateleti? Daktari wa watoto anatoa jibu finyu: mtoto anayetokwa damu kweli, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Hata huyo kumpatia si rahisi. Plateleti hutunzwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24, zikitikiswa bila kukoma, kwa muda wa siku kama tano tu, wakati chupa ya damu nyekundu hukaa kwenye jokofu kwa wiki kadhaa. Damu nzima iliyokwisha kukaa kwenye baridi haina chembe sahani za kutegemewa. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza, na hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko hukohuko. Kutoka Tarime ni zaidi ya kilomita 250. Familia inayouza mbuzi au ndizi za msimu mzima ili imfikishe mtoto Mwanza kwa ajili ya namba ambayo ingepanda yenyewe ikiwa nyumbani imeonewa, na aliyeiandikia rufaa hiyo anawajibika.

Lakini kuna rufaa zisizopaswa kungoja, na hapa tabibu na mteknolojia hawabishani tena. Mtoto mwenye degedege zaidi ya mara mbili ndani ya siku moja, asiyeamka, anayeshindwa kukaa au kunyonya, anayehema kwa kina na haraka, mwenye macho ya manjano, anayekojoa kidogo sana au anayetokwa damu mahali popote, huyo ni wa hospitali hata kama chembe sahani zake ni 200,000. Vidoadoa vyekundu vya ngozi visivyofifia vinapobonyezwa vitafutwe miguuni na ndani ya mdomo kwa mwanga mzuri. Mtoto wa nyanda za juu ambaye namba yake iko chini ya 50,000, hata kama anaonekana mzima, ni heri alazwe siku moja atazamwe kila saa chache kuliko kurudishwa nyumbani jioni. Hapo kengele ya Dakar inapata haki yake.

Malaria isipewe lawama yote. Katika eneo ambalo watoto wengi wanaweza kuwa na vimelea bila kuugua, kipimo cha malaria kinaweza kusoma ndiyo wakati ugonjwa unaoshusha chembe sahani ni mwingine. Maambukizi ya bakteria kwenye damu hufanya hivyo, na huua haraka. Mtoto wa selimundu, na Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wa selimundu, bandama lake linaweza kufungia damu ghafla, himoglobini na chembe sahani zikashuka pamoja. Homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzishusha pia. Virusi vya Marburg vilithibitishwa Kagera Machi 2023, kwa hiyo homa yenye kutokwa damu ndani ya familia moja, mmoja baada ya mwingine, itolewe taarifa siku hiyohiyo. Saratani ya damu huja taratibu: wekundu unapungua, seli nyeupe zinavurugika, tezi zinavimba, na homa hairudi nyuma hata dawa ya malaria ikiisha.

Kinachozitenganisha hali hizi na malaria ni muda. Chembe sahani zilizoshushwa na malaria huanza kupanda ndani ya siku chache baada ya matibabu, na kwa watoto wengi huwa zimerejea katika kiwango chake wiki moja hivi baadaye. Ndiyo maana karatasi ya kwanza haitoshi. Mtoto arudishwe siku ya saba, apimwe tena damu, bandama lipapaswe, na majibu mawili yawekwe pamoja kwenye kadi yake. Namba ikiwa imepanda, kazi imekwisha. Ikiwa vimelea havionekani tena kwenye kioo, wiki mbili zimepita na namba bado iko chini, malaria si jibu tena, na mtoto huyo ndiye wa kutafutiwa nauli ya kwenda Mwanza.